Nyumba Zinapoitangulia Reli: Somo la Stesheni ya Musashi-Kosugi

Katika miaka ya mwisho ya muongo wa 2010, mgeni aliyepita mbele ya stesheni ya Musashi-Kosugi, katika mji wa Kawasaki nchini Japani, mnamo saa moja u nusu ya asubuhi siku ya kazi, aliona jambo la kustaajabisha. Foleni ya watu mamia kwa mamia ilianzia kwenye lango la tiketi, ikatoka nje ya stesheni na kupinda kando ya barabara. Watu hao hawakuwa wakingoja kununua tiketi. Wengi wao walikuwa na tiketi za mwezi mifukoni. Wala hawakuwa wakingoja treni iliyochelewa, kwani treni zilipita kila baada ya dakika chache. Walikuwa wakingoja nafasi ya kuingia katika stesheni yenyewe.

Juu ya vichwa vyao yalisimama majengo marefu ya makazi, mengine yakizidi ghorofa 40, na moja likifikia ghorofa 59. Watu walihamia katika majengo hayo kwa sababu ya reli iliyo karibu, inayowafikisha katikati ya Tokyo kwa muda usiozidi dakika 20. Lakini kila aliyehamia alilipunguza kidogo lile jema lililomleta. Jinsi hali hiyo ilivyotokea, na kwa nini ilichukua miaka mingi kuirekebisha, ni somo lenye manufaa kwa kila mji unaokua kandokando ya reli.

Viwanda vinapogeuka makazi

Musashi-Kosugi iko kati ya Tokyo na Yokohama, karibu na mto Tama. Katika karne ya 20 eneo hili lilikuwa la viwanda. Wafanyakazi walikuja asubuhi na kuondoka jioni, na stesheni zilijengwa kwa kadiri ya haja hiyo. Viwanda vilipohama au kufungwa, viliacha nyuma viwanja vikubwa vilivyo tupu, kila kimoja kikiwa na mwenyewe mmoja. Kwa mjenzi wa nyumba hakuna kiwanja bora kuliko hicho: hakuna haja ya kupatana na wenye nyumba ndogo mia, na stesheni iko umbali wa kutembea kwa miguu.

Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, majengo marefu yalianza kuinuka mfululizo. Tarehe 13 Machi 2010 ilifunguliwa sehemu mpya ya stesheni kwa ajili ya njia ya Yokosuka, iendayo moja kwa moja hadi stesheni kuu ya Tokyo. Treni za njia hiyo zilikuwa zikipita hapo tangu mwaka 1980 bila kusimama, zikitumia reli iliyokuwa imetandikwa mwaka 1929 kwa ajili ya treni za mizigo. Kufunguliwa kwa stesheni kuliongeza thamani ya viwanja, na thamani ya viwanja ikaleta majengo zaidi. Abiria waliopanda treni za kampuni ya JR katika stesheni hiyo walikuwa karibu 100,000 kwa siku mwaka 2010. Kufika mwaka 2018 walikuwa karibu 130,000. Hesabu hiyo haiwahusishi abiria wa kampuni nyingine ya reli inayotumia stesheni ya jina hilohilo.

Haba na haba hujaza kibaba. Kila mjenzi alipoomba kibali alihesabu jengo lake peke yake, na jengo moja halikuweza kuishinda stesheni. Hebu mwanafunzi achukue mfano wa kubuni. Jengo moja lina fleti 600. Kila fleti inatoa mtu mmoja aendaye kazini kwa treni, na nusu yao wanaondoka katika saa ile moja yenye watu wengi zaidi. Hao ni abiria 300, idadi inayoweza kumezwa na treni chache bila mtu kutambua. Yakifika majengo 20, abiria ni 6,000. Ikiwa wote wanatumia njia moja yenye treni 10 kwa saa, kila treni italazimika kupokea watu 600 zaidi. Treni yenye mabehewa 15 itaongeza watu 40 katika kila behewa, na behewa hilo linakuja likiwa limekwisha jaa abiria wa stesheni za nyuma.

Kipimo cha msongamano

Wajapani wana kipimo chao cha kueleza treni imejaa kiasi gani. Huchukua idadi ya abiria waliosafiri katika saa yenye watu wengi zaidi, katika kipande cha reli chenye msongamano mkubwa zaidi, kisha huigawanya kwa idadi ya nafasi rasmi za treni zilizopita saa hiyo. Asilimia 100 haimaanishi kwamba kila mtu ameketi. Maana yake ni kwamba kila abiria ama ameketi, ama ameshika kishikio au nguzo iliyo karibu na mlango. Katika asilimia 150 aliyesimama anaweza kulifungua gazeti lake na kulisoma. Katika asilimia 180 itambidi alikunje. Katika asilimia 200 miili inagusana na kubanana. Katika asilimia 250 mtu hawezi kusogeza hata mkono kila treni inapoyumba.

Kwa kipimo hicho, wastani wa vipande 31 vikuu vya reli katika eneo la Tokyo ulikuwa asilimia 221 mwaka 1975. Mwaka 2019 wastani huo ulikuwa umeshuka hadi asilimia 163. Lakini wastani huficha mengi. Katika kipande cha njia ya Yokosuka kinachoanzia Musashi-Kosugi kuelekea Tokyo, msongamano ulikuwa asilimia 197 mwaka 2018 na asilimia 195 mwaka 2019. Jiji zima lilikuwa likipata nafuu ya miaka 40 ya kazi, huku kipande kimoja kikirudi kwenye hali ya zamani kwa sababu nyumba zilikuwa zimeitangulia reli.

Hesabu ya treni na dakika

Mtu asiyeijua kazi ya reli husema, "Ziongezwe treni." Rai hiyo ni ya haki, lakini ina mpaka unaowekwa na maumbile. Treni nzito iendayo kasi haiwezi kusimama ghafla. Huhitaji mamia ya meta baada ya breki kushikwa. Kwa hiyo reli hugawanywa katika vipande vinavyolindwa na taa za ishara, na treni ya nyuma hairuhusiwi kuingia katika kipande ambacho ya mbele haijakitoka. Ukijumlisha muda wa treni kupunguza mwendo, kusimama, kushusha na kupakia, kisha kuondoka na kuiacha stesheni wazi, ni vigumu sana kwa treni kubwa kufuatana kwa chini ya dakika mbili katika njia moja.

Dakika mbili ni sekunde 120, na saa moja ina sekunde 3,600. Hivyo treni 30 kwa saa ni kama dari ambalo si rahisi kulipita. Njia ya haraka ya Chuo, inayoingia Shinjuku kutoka magharibi, kwa miaka mingi ilikuwa ikipitisha treni 30 katika saa ya asubuhi, kila moja ikiwa na mabehewa 10 na nafasi rasmi 1,480. Jumla ni nafasi 44,400 kwa saa. Hicho ni kiasi ambacho barabara ya magari haiwezi kukikaribia.

Hata hivyo dari hilo lenyewe hushuka pale watu wanapozidi. Abiria wakiwa wengi hushuka na kupanda polepole. Mlango hugoma kufunga kwa sababu ya begi au mkono. Iwapo kila treni itasimama sekunde 20 zaidi ya ilivyopangwa, nafasi ya muda kati ya treni na treni itakuwa sekunde 140 badala ya 120. Gawanya 3,600 kwa 140 na utapata treni 25 tu zilizo kamili. Kwa treni za nafasi 1,480, njia imepoteza nafasi 7,400 katika saa moja, na imezipoteza katika saa ileile inapozihitaji mno. Msongamano, kwa hiyo, hula uwezo wa reli.

Jambo hilo liliipata njia ya Den-en-toshi, iliyo upande wa kusini-magharibi wa Tokyo. Treni za haraka, zilizokuwa zikiruka stesheni ndogo, zilipendwa na watu wote hata zikajaa kupita kiasi na kuchelewesha treni zilizofuata. Mwaka 2007 kampuni iliamua kwamba asubuhi zisiruke tena stesheni za sehemu iliyo karibu na jiji. Mwendo wa treni moja ulipungua, lakini abiria waligawanyika kwa usawa zaidi.

Ngazi na jukwaa

Kuna kikomo kingine ambacho wapangaji husahau kwa kuwa hakimo ndani ya treni. Mwaka 1971 mhandisi Mmarekani John J. Fruin alitoa kitabu kuhusu mwendo wa watu waendao kwa miguu, akitumia vipimo vilivyochukuliwa mahali penye umati. Kutokana na kazi ya namna hiyo inajulikana kwamba ngazi yenye upana wa meta moja, ikijaa watu wanaoelekea upande mmoja, hupitisha kama watu 50 kwa dakika. Wakikutana wanaopanda na wanaoshuka, idadi hupungua.

Hebu ichukuliwe stesheni ya kubuni yenye ngazi za jumla ya upana wa meta nne. Kwa dakika moja zitapitisha watu 200, na kwa dakika tatu watu 600. Ikiwa kila dakika tatu treni moja hushusha watu 600, jukwaa hubaki tupu kabla treni nyingine haijafika. Sasa waongezwe watu 100 tu, wawe 700. Treni ya kwanza itawaacha 100 jukwaani, ya pili 200, ya tatu 300. Baada ya saa moja, yaani treni 20, watu waliobaki watakuwa 2,000. Ongezeko la mmoja kwa kila sita limetosha kuigeuza stesheni tulivu kuwa mahali pa hatari, kwani ukingo wa jukwaa hauna mahali pa kurudi nyuma.

Sehemu ya Yokosuka ya stesheni ya Musashi-Kosugi ilikuwa na jukwaa moja tu lililobanwa kati ya njia mbili za reli, likitumiwa na abiria wa pande zote mbili. Mahali penyewe palikuwa pembamba, kwa kuwa reli ya treni za mwendo kasi za Shinkansen inapita kando. Njia hiyo pia hutumiwa na treni ziendazo Shinjuku, hivyo kuongeza treni za upande mmoja kungewanyima nafasi abiria wa upande mwingine. Foleni iliyosimama nje, ijapokuwa ilikera, ilikuwa na faida moja: aliyesimama nje ya lango hakuwa akisukumwa kwenye ukingo wa jukwaa. Waliopata taabu zaidi ni wazee, wajawazito, wenye ulemavu na wanafunzi wadogo, ambao katika umati hawawezi kushindana na mtu mzima aliyechelewa kazini.

Mwaka 2018 liliongezwa lango jingine, na mwaka huohuo mji wa Kawasaki na kampuni ya reli walikubaliana kujenga jukwaa la pili. Lilifunguliwa tarehe 18 Desemba 2022, na tangu hapo abiria wa kila upande wana jukwaa lao. Ni kazi iliyofanywa usiku kwa usiku, treni zikiendelea kupita mchana. Kutoka kufunguliwa kwa stesheni hadi kupatikana kwa jukwaa hilo ilipita miaka 12 na zaidi.

Reli hukawia kuliko nyumba

Tatizo la nyumba kuitangulia reli halikuanza Musashi-Kosugi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mamilioni ya watu walihamia Tokyo na kujenga pembezoni. Mwaka 1965 Shirika la Reli la Taifa lilianza kazi kubwa iliyokuja kuitwa mradi wa pande tano, ya kuongeza njia za reli katika mikondo mitano mikuu inayoingia jijini: Tokaido, Chuo, Tohoku, Joban na Sobu. Palipokuwa na njia mbili paliwekwa nne, ili treni za haraka na zile zinazosimama kila stesheni zisizuiane. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilimalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Gharama zake zilikuwa kubwa mno, na zilikuwa miongoni mwa mizigo ya shirika hilo, ambalo liligawanywa na kubinafsishwa mwaka 1987.

Kampuni za binafsi nazo zilikumbana na hali hiyohiyo. Njia ya Odakyu ni mfano wa kukumbukwa. Mpango wa kuiwekea njia nne katika sehemu iliyo karibu na jiji ulipitishwa mwaka 1964. Lakini nyumba zilikuwa zimekwisha jengwa hadi ukingoni mwa reli. Kila kipande cha ardhi kilipaswa kununuliwa. Wakazi waliohofia kelele za reli ya juu walikwenda mahakamani, na shauri lao likafika hadi Mahakama Kuu kabisa ya nchi. Na mahali pengine ilibidi reli ipelekwe chini ya ardhi huku treni zikiendelea kutembea juu. Kilometa 10.4 zilikamilika zote mwaka 2018, miaka 54 baada ya mpango kupitishwa. Msongamano uliokuwa karibu asilimia 190 ulishuka chini ya asilimia 160.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Jengo la ghorofa 40 huinuka kwa miaka mitatu hivi. Jukwaa jipya huhitaji miaka mitano au zaidi. Njia mpya ya reli katikati ya nyumba za watu yaweza kuchukua nusu karne. Vitu vitatu vyenye mwendo tofauti namna hiyo haviwezi kufika pamoja ikiwa vimeanza siku moja. Kile kinachokwenda polepole hakina budi kutangulia.

Nani alipe?

Mbali na muda, kuna suala la fedha. Anayejenga ghorofa huuza fleti mara moja, hupata faida na kuondoka. Mji hupata kodi. Kampuni ya reli hupata abiria wapya, lakini hao wanakuja saa moja ya asubuhi, wanalipa kwa tiketi ya mwezi yenye bei nafuu, na wanadai njia, jukwaa na treni ambazo zitakaa bila kazi nyingi saa zinazobaki za siku. Hivyo anayefaidika siye anayebeba gharama.

Japani imejaribu njia kadhaa za kuziba pengo hilo. Ya kwanza ni kampuni ya reli kuwa yenyewe mjenzi wa nyumba. Kobayashi Ichizo alifanya hivyo huko Ikeda, karibu na Osaka, mwaka 1910, akiuza nyumba kwa malipo ya kidogo kidogo kandokando ya reli yake mpya. Kampuni ya Tokyu ilifuata mkondo huo katika eneo la Tama kuanzia miaka ya 1950, na reli ya Den-en-toshi ikafika Nagatsuta mwaka 1966. Faida ya ardhi ililipia reli. Lakini mpango wa awali ulikuwa wa watu 400,000, nao waliokuja walizidi 600,000. Ndiyo sababu njia hiyo nayo ilielemewa.

Ya pili ni sheria ya mwaka 1986, iliyoziruhusu kampuni za reli kuongeza nauli kidogo na kuweka akiba isiyotozwa kodi, ili fedha hizo zijenge njia za ziada. Katika mpango huo abiria wa leo alichangia reli ya kesho.

Ya tatu ni sheria ya mwaka 1989, iliyoamuru reli na makazi vipangwe pamoja tangu mwanzo. Chini ya sheria hiyo ilijengwa reli ya Tsukuba Express, yenye kilometa 58.3 na stesheni 20, iliyofunguliwa tarehe 24 Agosti 2005. Kabla nyumba hazijajengwa, wenye mashamba walikubali mpango wa kugawa upya viwanja. Kila mmoja alitoa sehemu ya ardhi yake, na vipande vilivyotolewa vikakusanywa kuwa mkondo wa reli, barabara na bustani. Mwenye shamba alibaki na kiwanja kidogo kuliko cha kwanza, lakini kikiwa na thamani kubwa zaidi kwa sababu stesheni ilikuwa karibu. Wapangaji walitazama hata mbele zaidi: treni zilianza na mabehewa sita, lakini mahali pa kurefusha majukwaa palihesabiwa mapema. Akiba hiyo haikuwa ya bure, kwani kabla ya mwaka 2020 msongamano ulikuwa umevuka asilimia 160, na kampuni ikaamua kuendelea na kazi ya kuyafikisha mabehewa manane.

Maji, shule na mambo mengine

Reli si kitu pekee kinachoachwa nyuma. Watu wanapolala wengi juu ya kiwanja kimoja, wanahitaji pia madarasa, mabomba na mifereji. Huko Musashi-Kosugi ilibidi kujenga shule mpya ya msingi, iliyofunguliwa mwaka 2019.

Tarehe 12 Oktoba ya mwaka huohuo kimbunga Hagibis kilinyesha mvua kubwa. Maji ya mto Tama yalipanda, yakarudi nyuma kupitia mabomba yaliyokusudiwa kuyapeleka maji ya mvua mtoni, na kufurika mitaani. Katika jengo moja lenye ghorofa 47 maji yaliingia chini ya ardhi, mahali palipowekwa mitambo ya umeme. Taa zilizimika; lifti zikasimama; pampu za maji zikanyamaza, na vyoo vikashindwa kutumika kwa siku kadhaa. Wakazi walipanda makumi ya ghorofa kwa miguu, wakibeba maji mikononi. Lango la njia ya Yokosuka nalo liliingiliwa na maji. Jengo refu hutegemea vitu vilivyo chini yake na vilivyo nje ya uzio wake, na kuta imara peke yake hazilitoshi.

Mwaka 2020 ugonjwa wa Uviko ulionyesha upande mwingine wa hesabu. Watu wengi walipofanya kazi nyumbani, wastani wa msongamano wa Tokyo ulishuka ghafla hadi asilimia 107. Haikuongezwa reli hata meta moja. Kilichobadilika ni saa na desturi za kazi. Mwaka 2023 wastani ulikuwa umepanda tena hadi asilimia 136. Hivyo kubadili saa za kuanza kazi na masomo ni dawa ya kweli na ya bei nafuu, ingawa haiponyi ugonjwa wote.

Dar es Salaam na reli zake

Somo hili linawahusu pia Watanzania. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 iliwahesabu 5,383,728. Mwaka 2012 treni za abiria wa mjini zilianza kutumia reli za zamani, ambazo hazikuwa zimejengwa kwa kazi hiyo. Mwaka 2016 mabasi yaendayo haraka yalianza katika Barabara ya Morogoro. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza safari za Morogoro na Dodoma kwa reli ya kisasa, ambayo ina stesheni pembezoni mwa jiji, kama ile ya Pugu. Wataalamu wa Japani waliwahi kushiriki katika mpango mkuu wa usafiri wa Dar es Salaam uliotolewa mwaka 2008, nao walitoka katika nchi iliyokwisha kulipa gharama ya kuchelewa.

Stesheni ikifunguliwa, viwanja vya jirani hupanda bei, na nyumba hufuata. Hilo si baya. Watu wengi wakikaa karibu na reli, magari barabarani hupungua, na mashamba ya mbali hayamezwi na mji. Swali la kuulizwa mapema ni kama imeachwa nafasi ya njia ya tatu na ya nne, ya jukwaa la pili, ya ngazi pana, ya mahali pa mabasi kugeuzia, na ya mifereji ya maji ya mvua. Ardhi hiyo ikiwa bado ni kichaka, kuitenga ni kazi ya mpima ardhi mwenye vigingi na kamba. Ikishajengwa, ni kazi ya mahakama, ya fidia, na pengine ya miaka 54.

Zoezi kwa darasa

Wanafunzi na wachague stesheni au kituo cha mabasi kilicho karibu na shule yao. Asubuhi moja, wakiwa na saa na daftari, wahesabu mambo manne kwa muda wa nusu saa: magari au treni zilizofika; abiria walioshuka na waliopanda; sekunde ambazo kila gari lilisimama; na upana wa njia nyembamba kuliko zote ambayo watu hao walipita. Kisha darasani watafute ni kipi kati ya hivyo kitakachoshindwa kwanza iwapo abiria wataongezeka kwa mmoja kwa kila sita. Wengi watashangaa kuona kwamba si gari wala reli, bali ni mlango, daraja la miguu au ngazi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuipima.